Seva Ikae Dar au Frankfurt: Google Inampima Mfanyabiashara wa Mwanza kwa Kipimo Gani Hasa?

Kuna biashara imeshika kasi Mwanza siku hizi, na haihitaji duka wala mzani. Mtu anaingia kwenye hoteli ya Capri Point, au ofisi ya wakala wa mizigo barabara ya Kenyatta, anaomba jina la tovuti, anabofya simu yake kidogo, kisha anatoa majibu kama daktari: "Bosi, seva yako iko Ujerumani. Ndiyo maana Google haikuoni. Tukuhamishie seva ya hapa Tanzania, mwezi ujao uko ukurasa wa kwanza." Mwenye hoteli, ambaye kwa muda mrefu amejiuliza kwa nini wageni wanatua uwanja wa ndege wakiwa wameshapanga kulala kwa jirani yake, anauliza bei tu.

Nasema waziwazi: kwa wengi wanaouziwa, hizo ni hela za bure. Lakini siwezi kusema kwamba mahali ilipo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, hapana maana kabisa, kwa sababu pana maana, na sehemu yenyewe yenye maana ndiyo ambayo muuzaji haitaji. Google haimpi mtu alama kwa sababu seva yake inalala kwenye ardhi ya Tanzania. Inachopima ni muda ambao msomaji wako amekaa akisubiri ukurasa ufunguke, na muda huo una sababu nyingi. Umbali ni mojawapo, na mara nyingi siyo kubwa.

Tuanze na chimbuko la imani yenyewe, maana haikutoka hewani. Katika maelekezo yake kwa wenye tovuti zinazolenga nchi mbalimbali, Google iliwahi kutaja anwani ya IP ya seva, ile namba inayoitambulisha mtandaoni, kuwa mojawapo ya vidokezo vinavyoisaidia kukisia tovuti inamlenga msomaji wa wapi. Maelekezo hayohayo yakaongeza papo hapo kwamba kidokezo hicho hakitoshi, kwa kuwa tovuti nyingi zinatumia mitandao ya kusambaza nakala, au zimehifadhiwa kwenye nchi yenye miundombinu bora kuliko ya kwao. Watu wakashika sentensi ya kwanza, ya pili wakaiacha kwenye karatasi.

Vidokezo vyenye nguvu ni vingine kabisa. Domeni, yaani jina la tovuti, inayoishia na .tz inaiambia Google moja kwa moja kwamba tovuti hii ni ya Tanzania, hata kama faili zake zote ziko Finland. Zinafuata lugha ya ukurasa, anwani na namba za simu za hapa, bei zilizoandikwa kwa shilingi, viungo kutoka tovuti nyingine za hapa nyumbani, na akaunti ya biashara kwenye ramani ya Google. Mwenye .co.tz iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye namba inayoanza na +255 na bei za shilingi, ameshamaliza kazi ya kujitambulisha. Akihamisha seva kutoka Frankfurt kwenda kituo cha data cha Kijitonyama, Dar, haongezi kitu kwenye utambulisho huo.

Na anayetafuta naye ana mahali pake. Tangu Oktoba 2017 Google huchagua matokeo kwa kuangalia mtafutaji yuko wapi, bila kujali ameandika google.com au google.co.tz. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba anwani zile za nchi zitaelekezwa zote kwenye google.com, kwa kuwa hazikuwa na kazi tena. Kwa hiyo mtu aliyeko Nyegezi akiandika "hoteli nzuri karibu na ziwa", simu yake ndiyo inayosema yuko Mwanza.

Ukitaka ushahidi wa haraka, tafuta hoteli za Mwanza sasa hivi. Aghalabu utakaowakuta juu ni Booking.com, Tripadvisor na wenzao, kampuni ambazo seva zake hazijawahi kunusa upepo wa Ziwa Victoria. Wamekaa pale kwa sababu wana kurasa nyingi zinazojibu swali, maoni ya wageni kwa maelfu, na viungo kutoka kila pembe ya dunia. Kama seva ya karibu ingekuwa na uzito ule tunaoambiwa, hoteli ya Capri Point yenye seva Dar ingekuwa imewafukuza siku nyingi.

Kwa biashara za mtaani jambo liko wazi zaidi. Google yenyewe inasema matokeo ya karibu, yale yanayokuja na ramani, hupangwa kwa mambo matatu: biashara inahusiana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Umbali unaozungumzwa hapo unapimwa kati ya mtafutaji na biashara yenyewe. Muuza dagaa wa jumla wa Mwaloni Kirumba anayetaka kuonekana na mnunuzi aliyefika stendi ya Nyegezi asubuhi atafaidika zaidi na akaunti ya ramani iliyojazwa vizuri: saa za kufungua, picha za mzigo, namba inayopokelewa, maoni yanayojibiwa. Gharama yake ni muda wa jioni moja. Nashangaa jinsi watu wanavyolipia kuhamisha seva huku pini yao ya ramani imechomekwa katikati ya maji.

Sasa tuje kwenye umbali wa kweli, ule wa nyaya, maana hapa muuzaji ana hoja bila kujijua.

Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na tukikadiria kwamba mkongo wa taifa unafuata njia inayokaribiana na hiyo, kwenda na kurudi ni milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 11 au 12 kwenye karatasi. Vifaa vya njiani vikishakula sehemu yao, tuseme 20 hadi 30. Kwenda Frankfurt ni lazima ufike Dar, uzame baharini, upite Bahari ya Shamu na Mediterania, uibukie Marseille, kisha upande juu hadi Ujerumani. Njia hiyo inakaribia kilomita 10,000. Kwa hesabu tupu ni milisekunde 100 kwenda na kurudi. Kwa hali halisi weka 150. Mnara wa simu unaongeza muda wake, ila huo ni sawa kwa seva zote mbili, kwa hiyo tuuache.

Milisekunde 150 ni nini? Kwa safari moja, si kitu. Tatizo ni kwamba ukurasa hauji kwa safari moja. Fikiria mtu wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, anayejengea nyumba kwa vifaa vya kununua mjini Mwanza: kivuko hata kikiwa kikubwa kiasi gani, kama fundi anamwagiza misumari leo, akirudi anamwagiza bawaba, akirudi tena anaambiwa na kitasa kimesahaulika, siku imeisha. Ukubwa wa kivuko haumsaidii, kinachomla ni idadi ya safari. Ndivyo intaneti inavyofanya. Simu inabisha hodi kwa seva, hiyo ni safari ya kwanza. Wanakubaliana namna ya kufunga mazungumzo kwa siri, ile kufuli unayoiona kwenye kivinjari, ya pili. Ndipo simu inaomba ukurasa, na seva haimwagi mzigo wote kwa mkupuo mmoja. Kwa kawaida inaanza na kama kilobaiti 14, ikiona zimefika salama inatuma 28, halafu 56, halafu 112. Ukurasa wa kilobaiti 200 unahitaji safari nne hivi, ukijumlisha zile mbili za mwanzo zinakuwa sita.

Safari sita za Frankfurt ni milisekunde 900. Safari sita za Dar, tukichukua 25 kwa kila moja, ni 150. Tofauti ni robo tatu ya sekunde.

Hiyo siyo tofauti ya kudharau. Google ilianza kuhesabu kasi katika upangaji wa matokeo mwaka 2010, ikaiingiza kwenye matokeo ya simu Julai 2018, na tangu 2021 ina vipimo maalumu vya jinsi mtumiaji anavyouona ukurasa. Kimojawapo kinadai kwamba kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo, kwa kawaida picha ya juu au kichwa cha habari, kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukitoa robo tatu ya sekunde kwenye 2.5, umekula karibu theluthi ya muda wako kabla hujafanya kosa lolote. Na vipimo hivi havitoki kwenye mashine za Google zilizoko Marekani, vinatoka kwa watu halisi wanaotumia Chrome: hukusanywa kwa siku 28, kisha inaangaliwa ile robo ya ziara zilizoenda taratibu zaidi, na mpaka wake ndio unaokuhukumu. Kama wasomaji wako wako Igoma na Buzuruga na simu za Tecno au itel, hao ndio mashahidi wako. Wenye iPhone, kwa taarifa yako, hawahesabiwi humo.

Kwa hiyo fundi wetu anayepita Capri Point ana robo tatu ya sekunde ya ukweli mkononi. Kinachoniudhi ni kwamba anaiuza huku akiwa ameukanyaga mzigo mkubwa zaidi.

Fungua tovuti yoyote ya hoteli au kampuni ya utalii ya hapa Mwanza, zile zinazopeleka wageni kisiwa cha Saanane, na uangalie picha ya juu. Mara nyingi ni picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, megabaiti nne, na chini yake zimepangwa nyingine tano zinazopokezana. Hizo ni megabaiti 24. Kwa simu inayopata megabiti 5 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), kasi ambayo wengi tunaishukuru ikitokea jioni, picha hizo zinachukua karibu sekunde 38 kuisha, na bando la mteja linaondoka nazo. Picha ileile ya juu ikipunguzwa upana ulingane na kioo cha simu na kuhifadhiwa kwa mtindo wa WebP, inashuka hadi kilobaiti 100 au 150 bila mgeni kugundua kitu. Hapo umeokoa sekunde nyingi, bila kumlipa mtu wala kuhama nchi. Zilinganishe na ile robo tatu ya sekunde ya Frankfurt, uone ipi ya kuanza nayo.

Baada ya picha zinakuja zile programu jalizi, yaani vinyongeza, za WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti) zilizorundikwa na mafundi watatu tofauti kwa miaka minne, kila mmoja akiacha zake. Nyingine zinafanya seva ifikirie sekunde mbili nzima kabla ya kutoa herufi ya kwanza. Seva ya aina hiyo ukiihamishia hata ghorofa ya pili ya jengo lako mwenyewe, mteja atasubiri zile sekunde mbili.

Nakiri kuna jambo linalopunguza ukali wa mjadala wote huu. Tovuti nyingi za Mwanza zina wageni wachache mno kiasi kwamba ukifungua ripoti ya kasi kwenye Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, unakuta imeandikwa kwamba data haitoshi. Na Google imesema mara nyingi kwamba ukurasa wenye jibu bora unaweza kutangulia hata kama ni mzito. Kasi huamua pale washindani wanapokaribiana kwa ubora. Tovuti yenye ukurasa mmoja wa "Karibuni Sana" na namba ya simu haijafika kwenye daraja la kushindana kwa milisekunde.

Wapo wanaosema dawa ni CDN, mtandao unaoweka nakala za faili zako kwenye vituo vingi duniani ili msomaji ahudumiwe na cha karibu. Cloudflare wana huduma ya bure na wana vituo Nairobi na Mombasa. Naipendekeza, lakini nayo ina mtego. Kwa mpangilio wa kawaida inahifadhi picha, mitindo na hati za programu tu. Ukurasa wenyewe, ule wa HTML unaotangulia kila kitu, bado unafuatwa kwenye seva yako ya asili kila mgeni anapoingia, mpaka uweke kanuni ya kuuhifadhi nao. Wengi wanabadilisha anwani za DNS, zile zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva, wanaona wingu la rangi ya chungwa la Cloudflare limewaka, wanafunga kompyuta. Na kama mtoa huduma wako wa intaneti hajaunganishwa vizuri na kituo cha karibu, maombi yako yanaweza kukipita Nairobi na kwenda kuhudumiwa Ulaya.

Hilo la kuunganishwa ndilo linalotufikisha kwenye swali ambalo wauzaji wa "seva ya Tanzania" hawapendi kuulizwa: iko Tanzania kweli? Kampuni nyingi ndogo zinanunua nafasi kwa jumla Ujerumani au Marekani, zinaikata vipande na kuiuza hapa zikiwa na nembo ya twiga. Si kosa, ila usilipie Dar ukapewa Texas. Chukua kompyuta iliyounganishwa na nyaya hapa mjini, andika amri ya ping na anwani ya IP ya seva yenyewe, siyo ya CDN iliyoifunika. Ukiona milisekunde 20 au 30, amekuambia ukweli. Ukiona 150, unajua kilichopo. Na ukiona 150 kwa seva ambayo kweli iko Dar, basi watoa huduma wawili hawabadilishani mzigo nyumbani, mawasiliano yanatoka nje ya nchi na kurudi. Kituo cha kubadilishana mawasiliano cha TIX kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2004 ili kukomesha safari hizo, na faida yake unaipata tu kama pande zote mbili zinakitumia.

Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku zile zinafundisha jambo ambalo vipimo vya kasi havifundishi. Mwenye seva Ulaya aliendelea kusomeka vizuri na roboti za Google, ambazo nyingi hupita zikitokea Marekani, lakini wateja wake wa Mwanza walikuwa wanazungusha duara kwenye kioo. Mwenye seva Dar alikuwa kinyume chake: wa nyumbani waliweza kumfikia kupitia TIX, roboti za Google ndizo zilizopata shida kuvuka. Kama biashara yako ni ya kuuza tiketi za meli au kupokea oda za chakula cha samaki wa vizimba, ningekushauri uwe yule wa pili bila kufikiri mara mbili. Nafasi kwenye Google haiporomoki kwa hitilafu ya siku mbili tatu. Roboti ikikuta makosa ya seva inapunguza mwendo wa kupita, na kurasa zinaanza kuondolewa pale hali inapoendelea kwa muda mrefu.

Hapo pia ndipo seva rahisi za nyumbani zinapochoma. Kituo cha data cha taifa pale Kijitonyama kimejengwa kwa viwango, lakini siyo kila anayejiita mhosti yuko mle. Seva inayozimika kila umeme unapokatika, na kurudi mtu akikumbuka kuiwasha, itakuharibia Google kuliko umbali wowote wa Frankfurt. Kati ya seva ya mbali isiyolala na ya karibu inayosinzia, nachukua ya mbali.

Sababu halali ya kuleta seva nyumbani ambayo haihusiani na Google hata kidogo ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti kwa anayesafirisha taarifa binafsi kwenda nje ya nchi. Hoteli inayokusanya majina, namba za pasipoti na tarehe za wageni inapaswa kujua taarifa hizo zinalala wapi. Ajabu ni kwamba wauzaji wa seva wana hoja nzito kama hii mkononi, na bado wanachagua kusema habari za ukurasa wa kwanza.

Wafanyabiashara wa samaki wana hesabu yao tofauti, kwa sababu wasomaji wao hawako hapa. Kiwanda kinachouza minofu ya sangara Uhispania na Uholanzi kikimsikiliza fundi wa Capri Point na kuhamishia tovuti Dar, kinampelekea mnunuzi wake zile milisekunde 150 ambazo hakuwa nazo. Kwake Frankfurt ndiyo karibu. Aiache palepale, aweke ukurasa wa Kihispania na wa Kiingereza, kila mmoja ukielekezwa kwa lugha yake.

Mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, ndiyo habari ngumu zaidi, maana soko lake ni China na Hong Kong. Google iliondoa huduma yake ya utafutaji China bara mwaka 2010, kwa hiyo mnunuzi wa Guangzhou anatafuta kwa Baidu, mtambo wa utafutaji wa Wachina, na maombi yake yanayotoka nje ya nchi yanapita kwenye vichujio vinavyoweza kuchelewesha tovuti ya kigeni au kuizuia kabisa. Huko mahali pa seva ni suala la kuonekana au kutoonekana. Kuweka seva China bara kunataka usajili wa ICP, kibali cha kuendesha tovuti, kwa mamlaka zao, na mfanyabiashara wa Kirumba asiye na kampuni kule hataupata kirahisi. Njia ambayo iko ndani ya uwezo wake ni seva ya Hong Kong: haidai usajili huo, iko jirani na mnunuzi wa bara ingawa vichujio bado viko njiani, na kwa mnunuzi wa Hong Kong yenyewe Google inafanya kazi kama kawaida. Ukurasa uwe wa Kichina kilichoandikwa na mtu anayekijua, picha za mabondo zipigwe pembeni ya rula ili urefu uonekane, na fonti zisivutwe kutoka kwenye seva za Google, kwa sababu huko ukurasa unaweza kukaa mweupe ukizisubiri.